Jirani Kwanza, Nyumba Baadaye
Nasaha kwa familia inayohamia Birmingham



Katika miaka ya karibuni haupiti mwezi bila ya kusikia kuwa jamaa fulani wamefunga mizigo yao London na kuhamia Birmingham, Leicester, Northampton au Manchester. Sababu haifichiki. Kodi ya nyumba London imekuwa mzigo usiobebeka kwa mwenye watoto wanne au watano. Wanaohama huuliza mambo mawili: kodi ni kiasi gani, na vyumba ni vingapi. Swali la tatu, yaani mtaa wenyewe ukoje, aghalabu huja baada ya funguo kupokelewa na gari la mizigo kuondoka.

Mimi ni mmoja katika waliofanya kosa hilo. Nyumba niliiona mara moja tu, Jumapili saa saba mchana, jua limetoka na mtaa umetulia. Wakala wa nyumba akaniambia wako watu wengine watatu wanaoitaka, nami nikatia sahihi papo hapo. Usiku wa kwanza ndipo tulipotambua kuwa nyumba ya pili yake imekatwa vyumba vya kupangisha, wakaazi wake wakibadilika kila wiki, na kwamba pembe ya njia ilikuwa pahala pa kusimamisha gari kwa biashara isiyo ya halali. Mke wangu akaacha kuwapeleka watoto madrasa jioni. Skuli ya karibu ilikuwa imejaa, na binti yetu wa miaka 8 akapata nafasi katika skuli ya safari ya mabasi mawili. Baada ya miezi kumi tukahama tena, naye akaingia skuli ya tatu katika muda wa mwaka mmoja. Siku ya kwanza aliporudi, mama yake alimuuliza majina ya wenziwe darasani. Alijibu kuwa hakuyauliza, kwa sababu karibu tutahama.

Jawabu hilo ndilo lililonishikisha kalamu. Nataraji yaliyotufika yatamzuilia mwengine. Mfano ninaoutumia ni Birmingham, mji ninaoujua, lakini mengi katika haya yatamfaa hata aendaye mji mwengine wa Uingereza.

MAFUNDISHO TULIYOLELEWA NAYO

Wazee wetu walikuwa na msemo walioutoa kwa Waarabu, kwamba jirani hutangulia nyumba. Mwenyezi Mungu katika Surat An-Nisaa, aya ya 36, ameamrisha ihsani kwa jirani wa karibu na jirani wa mbali, baada ya kutaja wazazi, jamaa, mayatima na masikini. Na katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ameeleza kuwa Jibrili aliendelea kumuusia juu ya jirani hata akadhani kuwa atamfanya mrithi.

Kwetu Unguja, Mombasa au Lamu, mtoto akikosea njiani hurudishwa na mtu mzima yeyote, na habari zikafika nyumbani kabla yake. Ugenini hatuna mtaa wa namna hiyo uliokwisha kutengenezwa ukitungojea. Basi atafutaye nyumba na ajiulize: mtoto wangu akipoteza ufunguo siku ya mvua, atabisha mlango wa nani?

MJI ULIVYOKAA

Birmingham ni mji wa pili kwa ukubwa katika Uingereza. Sensa ya 2021 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.1, na kiasi cha asilimia 30 kati yao walijiandika kuwa ni Waislamu. Kwa hiyo suala la kupata msikiti au nyama ya halali si gumu kama lilivyo katika miji midogo. Ugumu uko katika kuchagua.

Upande wa mashariki na kusini-mashariki ya katikati ya mji kuna Small Heath, Sparkbrook, Sparkhill, Bordesley Green na Alum Rock. Nyumba nyingi huko ni za safu, zilizoshikana kuta, na nyengine zimetimiza miaka mia. Misikiti iko kila baada ya njia chache, na maduka ya Coventry Road, Stratford Road na Ladypool Road huwa wazi hadi usiku. Wanaohitaji muhogo, mbata au ndizi za kupika hawarudi mikono mitupu. Upande wa pili, nafasi ni finyu, maegesho ya gari ni ugomvi wa kila jioni, na nyumba yenye bustani ya maana ni adimu.

Ukisogea nje kidogo unakuta Hall Green, Acocks Green, Yardley na Kings Heath. Nyumba nyingi za huko zilijengwa baina ya vita viwili vikuu, zimeshikana mbili mbili, na zina bustani nyuma. Hall Green ina kituo cha treni iendayo moja kwa moja mjini, na familia nyingi za Kiislamu zilizoanzia Sparkhill zimesogea huko kadiri hali zao zilivyoimarika. Kaskazini-magharibi kuna Handsworth na Perry Barr, na mbali zaidi kaskazini kuna Sutton Coldfield, palipo shwari na ghali.

Kuna jambo ambalo wageni wengi hawalijui. Solihull upande mmoja, na Sandwell, Walsall na Dudley upande mwengine, zimeungana na Birmingham kwa nyumba na barabara, lakini kila moja ina kaunsili yake. Mpaka waweza kupita katikati ya njia moja. Anayekaa kushoto hulipa kodi ya kaunsili hii na kuomba skuli kupitia kwake, na jirani yake wa kulia ana mambo mengine kabisa. Kabla ya kutia sahihi, hakikisha nyumba imo katika kaunsili gani.

USALAMA: SOMA, KISHA ENDA KWA MIGUU

Tangu 2011 polisi wa nchi hii wameweka katika intaneti ramani ya uhalifu ulioripotiwa. Ukiandika posikodi ya nyumba katika police.uk, utaona kila mwezi ni wizi wangapi, magari mangapi yameibwa, na mashambulio mangapi yametokea karibu na hapo. Asiyejua kutumia kompyuta na amuombe kijana wake, au aende maktaba.

Lakini takwimu hizo zahitaji kusomwa kwa akili. Njia yenye maduka makubwa huonekana ya hatari kwa sababu ya wizi wa madukani, na hali familia zinazokaa nyuma yake ziko salama. Alama za ramani nazo huwekwa kwa makadirio, wala hazionyeshi mlango hasa wa nyumba. Tazama miezi kumi na miwili badala ya mmoja, na tazama aina ya uhalifu. Mtaa wenye wizi wa baiskeli si sawa na mtaa wenye visu na dawa za kulevya.

Baada ya hapo vaa viatu. Nenda mara tatu: asubuhi watoto waendapo skuli, jioni baada ya Magharibi, na usiku wa Ijumaa au Jumamosi. Tazama kama taa za njia zinawaka. Hesabu kengele katika kila mlango. Nyumba moja yenye kengele sita na mapipa ya taka yaliyofurika huenda imekatwa vyumba, na Birmingham imepata taabu kubwa kwa nyumba za familia kugeuzwa namna hiyo. Ndiyo maana tangu Juni 2020 mwenye nyumba hawezi kuigeuza nyumba ya familia kuwa ya vyumba vya kupangisha pahala popote mjini bila ya kwanza kupata ruhusa ya kaunsili. Lakini zilizogeuzwa kabla ya hapo zingali zipo.

Taka zenyewe zisikudanganye. Mgomo wa wafanyakazi wa taka wa 2025 uliacha marundo katika mitaa mizuri na mibaya kwa pamoja.

Akina mama nao wasiachwe nyuma katika ziara hizi. Mwanamme aweza kuupita mtaa asione lolote, na mwanamke mwenye hijabu akahisi macho na maneno tangu kituo cha basi. Tusisahau yaliyotokea 2024. Tarehe 30 Julai msikiti wa Southport ulishambuliwa, na tarehe 4 Agosti wafanya fujo wakaivamia hoteli ya waomba hifadhi huko Tamworth, mji mdogo usio mbali na Birmingham. Si haki kuuhukumu mji mzima kwa matendo ya kundi moja, na wakaazi wa Southport wenyewe walijitokeza kuujenga upya ukuta wa msikiti. Hata hivyo, anayevutwa na kodi ndogo katika mji ambao familia yake itakuwa peke yake hana budi kuwauliza Waislamu wachache wanaokaa huko namna wanavyoishi.

SKULI

Kwa mwenye watoto, hapa ndipo pazito kuliko pote. Katika England maombi ya skuli ya msingi hufungwa tarehe 15 Januari, na ya sekondari tarehe 31 Oktoba, kwa watoto watakaoanza Septemba inayofuata. Aliyehama katikati ya mwaka huomba nafasi zilizobaki tu, na nafasi hubaki zaidi katika skuli zisizokimbiliwa. Basi kabla ya kulipa chochote, ipigie simu kaunsili na skuli mbili tatu za karibu, uulize kama darasa la kila mtoto wako lina nafasi. Mimi sikuipiga simu hiyo.

Skuli nyingi zikijaa hutanguliza watoto walio chini ya malezi ya kaunsili, kisha wenye ndugu humo, kisha hupima umbali kutoka nyumba hadi skuli. Kukaa karibu si sawa na kuwa ndani ya umbali. Kaunsili hutoa kila mwaka kijitabu kinachoonyesha mtoto wa mwisho aliyepokelewa alikaa mbali kiasi gani. Kitazame kabla ya kumuamini wakala akuambiapo kuwa skuli nzuri iko hapo tu.

Ripoti za wakaguzi wa Ofsted pia zasomeka bure. Zamani skuli ilihukumiwa kwa neno moja. Utaratibu huo uliachwa Septemba 2024, na tangu Novemba 2025 ripoti mpya hupima kila upande wa skuli mbali mbali. Soma hasa sehemu ya tabia na mahudhurio. Kisha simama langoni saa tisa na robo mchana, utazame wanavyotoka.

Mwenye mtoto hodari na azijue skuli za grammar za King Edward VI za mjini hapa. Hazitozi ada, na huingiwa kwa mtihani unaofanywa Septemba mtoto anapoanza mwaka wa sita. Usajili wake hufungwa kabla ya likizo ya kiangazi, na anayehamia Agosti huwa amechelewa.

MSIKITI, MADRASA NA GIZA LA DESEMBA

Wengi husema msikiti uko dakika kumi kwa gari, wakaridhika. Na wauhesabu upya kwa miguu, wakati wa baridi. Katika Desemba jua la Birmingham huzama kabla ya saa kumi jioni. Mtoto hutoka skuli saa tisa na nusu, madrasa nyingi huanza saa kumi na moja, na mtoto hurudi saa moja katika giza lililokwisha kukomaa. Ikiwa baba yuko kazini na mama ana mtoto mchanga, nani atampeleka? Madrasa isiyofikika kwa miguu, katika njia yenye taa, huhudhuriwa kwa bidii mwezi wa Septemba na kuachwa mwezi wa Januari.

Ramadhani nayo inarudi nyuma kila mwaka kuelekea katikati ya baridi. Mwaka 2030 itaingia mara mbili, Januari na Desemba, na futari itakuwa katika saa ile ile watu wanapokuwa barabarani kutoka makazini. Aliye karibu na msikiti atafuturu kwa jamaa, na aliye mbali atafuturu kwa tende katika foleni ya magari.

Pia ingia ndani ya msikiti wenyewe. Uliza kama kuna nafasi ya wanawake, darsa hufanywa kwa lugha gani, na watoto hufunzwa na nani. Misikiti mingi ya Birmingham huendeshwa kwa Kiurdu, Kibengali, Kisomali au Kiarabu. Mtoto wetu atajifunza Kurani vizuri huko, lakini Kiswahili atakipata kwako wewe na kwa jamaa. Hilo latuingiza katika swali ambalo halina jawabu moja, nalo ni kukaa na wenzetu au kutawanyika.

Wanaopendelea kukaa pamoja wana hoja. Maziko, harusi, mgonjwa wa ghafla, mtoto wa kuangaliwa saa mbili: haya yote hayangojei treni. Na wanaosogea mbali nao wana hoja, kwamba mtoto apate skuli yenye nafasi, chumba cha kusomea na bustani ya kuchezea. Nionavyo, wastani ndio bora: umbali wa basi moja kutoka kwa wenzako, na umbali wa miguu kutoka msikitini na skuli. Anayeukosa mmojawapo na aukose kwa kujua.

NYUMBA YENYEWE

Ukishauridhia mtaa, ikague nyumba. Adui mkubwa hapa ni unyevu. Nusa makabati, sogeza makochi, tazama pembe za dari na ukuta wa nyuma ya vitanda. Rangi mpya katika pembe moja tu ni dalili ya kuvu iliyofichwa. Si jambo la kudharau. Katika Desemba 2020 mtoto Awaab Ishak, wa miaka 2, alifariki Rochdale, na uchunguzi wa 2022 ukathibitisha kuwa aliuliwa na maradhi ya pumzi yaliyosababishwa na kuvu ya nyumba waliyopanga. Baba yake alikuwa amelalamika. Sheria iliyopewa jina la mtoto huyo ilianza kutumika tarehe 27 Oktoba 2025 kwa nyumba za kaunsili na za mashirika ya makaazi, na inawalazimisha kushughulikia hatari za dharura katika saa 24. Mpangaji na aandike malalamiko yake, apige picha, na aweke nakala.

Kwa mwenye nyumba binafsi, jua haki zako. Tangu Juni 2019 wakala katika England haruhusiwi kukutoza ada ya kuandika mkataba. Amana, kwa kodi isiyofikia pauni 50,000 kwa mwaka, haizidi kodi ya wiki tano, na lazima iwekwe katika mfuko unaotambuliwa na sheria ndani ya siku 30. Dai cheti cha usalama wa gesi cha mwaka huo. Na kwa sheria iliyopitishwa 2025, kuanzia tarehe 1 Mei 2026 mpangaji aweza kutoka kwa kutoa notisi ya miezi miwili, bila ya kufungwa na muda maalumu. Anayekusudia kununua ana faida hapo, maana aweza kupanga kwanza katika mtaa anaoutaka, aujue kwa majira yote, kisha ndio afikirie kununua.

Hesabu pia gharama zisizotajwa katika tangazo. Kodi ya kaunsili imepangwa kwa daraja kutoka A hadi H, na daraja la kila nyumba laweza kutazamwa mapema. Birmingham, baada ya kaunsili yake kutangaza Septemba 2023 kuwa fedha hazitoshi, kodi hiyo ilipandishwa karibu asilimia 10 katika 2024 na karibu asilimia 7.5 katika 2025. Mwenye gari kuukuu ajue kuwa tangu Juni 2021 gari zisizotimiza viwango vya moshi hutozwa pauni 8 kwa siku ziingiapo katikati ya mji. Kodi iliyo rahisi kwa pauni 100 yaweza kumezwa yote na mabasi na petroli.

MTAA HUTENGENEZWA

Nimalizie kwa habari ya Balsall Heath, mtaa ulio baina ya Sparkbrook na Moseley. Kwa miaka mingi ulisifika kwa ukahaba na biashara ya dawa za kulevya, na mwenye uwezo aliukimbia. Mwaka 1994 wakaazi, wengi wao Waislamu wenye asili ya Pakistan pamoja na majirani zao wa dini nyengine, walianza kukaa zamu katika pembe za njia, usiku baada ya usiku, wakiandika nambari za gari za wanunuzi. Kazi hiyo haikukosa lawama, kwani wapo waliosema kuwa tatizo lilihamishwa tu. Lakini mtaa ulibadilika, na leo familia huutafuta.

Basi tukishachagua, kazi haijesha. Wiki ya kwanza katika nyumba tuliyonayo sasa, mke wangu alipika vitumbua akapeleka sahani nyumba nne, mbili kulia na mbili kushoto. Bibi mmoja wa Kiingereza alirudisha sahani na mitufaa ya bustani yake juu yake. Siku binti yetu alipousahau ufunguo, alibisha kwake. Na jioni ile alituhadithia majina ya paka wake wote watatu.

Mwenyezi Mungu atupe majirani wema, na atujaalie sisi wenyewe kuwa majirani wema. Amin.

Wabillahi tawfiq.